Jezi ya behewa isikudanganye: mambo niliyojifunza kwa kufuatilia treni za mikoani Ujerumani

Wadogo zangu mnaoanza kufuatilia treni za abiria, namaanisha zile zinazovutwa na kichwa sio zile zinazojiendesha zenyewe, nataka niwaambie mapema kabla hamjapoteza miaka kama mimi. Kile kinachowavutia kwa mara ya kwanza, yani rangi na michirizi ya ubavuni, ndo kitu cha mwisho kabisa cha kukiamini. Mi naiita jezi. Mchezaji anavua jezi ya timu hii anavaa ya timu nyingine ila miguu ni ileile, na behewa nalo liko hivyo hivyo.

Nimekulia Morogoro, treni ya bara ikipita usiku nyumbani mnasikia honi mnajua imeshafika wapi, alafu maisha yakanileta huku Ujerumani nikakuta watu wazima kabisa wana kazi zao na familia zao wamesimama stesheni na daftari wananakili namba za mabehewa. Nikacheka sana. Mwaka mmoja baadae aliyesimama na daftari kwenye baridi ni mimi.

Kitu cha kwanza, chagua familia moja ya mabehewa ukae nayo. Usiseme unasoma "treni za mikoani za Ujerumani", hiyo ni bahari. Mi nilichagua n-Wagen, na mpaka leo sijaimaliza. Haya ni mabehewa ya kama mita 26 na ushee, yalitengenezwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 50 mpaka mwaka 1980, zaidi ya 5,000, kwa hiyo ukiangalia picha yoyote ya treni ya kawaida ya Ujerumani Magharibi ya miaka ya 70 uwezekano wa kuyaona ni mkubwa mno. Kila ubavu una milango miwili ya kukunja, na milango haiko mwishoni mwa behewa, imeingia ndani ikagawa behewa vipande vitatu, ili watu washuke haraka kwenye vituo vidogo. Bodi ilikuwa chuma kisichoshika kutu, haikupakwa rangi, na chini ya madirisha wakakikwangua kwa mashine kikatoa viduaraduara kama macho kwenye mkia wa tausi. Wenyewe wakayaita Silberlinge, vipande vya fedha, neno lilelile la vile vipande thelathini vya Yuda. Ukishajua hivyo vitu viwili, milango na urefu, unaweza kuyatambua hata yakipakwa rangi gani, na yalipakwa kweli kweli.

Maana jezi zilibadilika. Mwaka 1984 kati ya Köln na Gummersbach ikaanzishwa huduma iitwayo City-Bahn, mabehewa haya yakakarabatiwa ndani na nje yakapakwa chungwa na kijivu cha changarawe, na baadhi ya vichwa vya dizeli vya aina ya 218 navyo vikavalishwa hivyohivyo. Mwishoni mwa miaka ya 80 ikaja kijani ya mnanaa na kijivu cheupe kwa treni za mikoani. Nusu ya pili ya miaka ya 90 ikaja nyekundu, ile ambayo wengi mnaijua. Ukisoma hivi unaona ni rahisi, fedha, chungwa, mnanaa, nyekundu, basi. Hapo ndo nilipoingia mkenge.

Niliwahi kupata picha mtandaoni, behewa la mnanaa safi kabisa, maelezo chini yake yameandikwa 1983. Mimi nikafurahi nikajua nimegundua kitu, kwamba rangi ya mnanaa ilianza mapema kuliko watu wanavyodhani, nikapanga jedwali langu lote upya kufuata ile picha, wiki tatu nzima za jioni, nikawaonyesha na watu. Mzee mmoja aliyestaafu reli akaniambia tu, mwanangu, umesoma maandishi ya chini? Nikarudi kuikuza ile picha. Pale chini pembeni karibu na mwisho wa behewa kuna neno dogo REV, alafu kifupi cha karakana, alafu tarehe ya ukaguzi mkubwa wa mwisho. Mwaka ulisomeka 91. Yani picha ya 1983 ina behewa lililokaguliwa 1991! Nahisi aliyeandika alitaka kuandika 1993 kidole kikateleza. Wiki tatu zangu zikaenda na maji.

Kwa hiyo REV ni rafiki yako, ila uielewe. Inakwambia picha haiwezi kuwa ya kabla ya tarehe hiyo. Haikwambii picha ni ya siku hiyo. Alafu kwa kuwa kupaka rangi upya mara nyingi kulifanyika behewa likiwa karakana kwa ukaguzi mkubwa, inakusaidia pia kukisia jezi ilivaliwa lini. Na hapa ndo wengi wanakosea, wanachukua mwaka ambao rangi mpya ilitangazwa wanaubandika kwenye kila behewa. Jamani mabehewa zaidi ya elfu tano hayapakwi rangi wikiendi moja! Miaka na miaka ilipita fedha, mnanaa na nyekundu ziko kwenye treni moja zimefuatana kama nguo zimeanikwa kwenye kamba. Na hii ndo tofauti ya treni ya kuvutwa na kichwa na zile seti zinazojiendesha, seti inakaa pamoja lakini mabehewa ya kuvutwa yanakatwa na kuungwa, leo hili liko huku kesho liko kule. Ukiandika "treni ya saa 2:15 ilikuwa nyekundu" hujaandika kitu. Andika behewa moja mstari mmoja: namba yake, aina, jezi, tarehe, stesheni, limekaa nafasi ya ngapi kutoka kwenye kichwa, na nani kaliona, wewe kwa macho au picha ya mtu. Hiyo safu ya mwisho msiidharau.

Namba sasa. Behewa lina tarakimu 12 na kila moja ina kazi. Chukua namba ya mfano, 50 80 22-34 123-6. Ile 80 ni reli ya Ujerumani Magharibi, na reli ya Ujerumani Mashariki ilikuwa 50 kwenye nafasi hiyohiyo, kwa hiyo usichanganye 50 ya mwanzo wa namba na 50 ya nafasi ya pili. Ile 22 inakwambia ni daraja la pili, ukikuta 31 ni la mchanganyiko la kwanza na la pili, na 82 kwenye familia hii ni lile lenye chumba cha dereva. Tarakimu ya mwisho ni ya kuhakiki, na wanaoanza wengi hawaijui wakati ndo dhahabu. Anzia kushoto, ya kwanza zidisha kwa 2, ya pili kwa 1, ya tatu kwa 2, endelea hivyo mpaka ya kumi na moja. Jibu likiwa na tarakimu mbili zijumlishe zenyewe, mfano 16 inakuwa 7. Kwa namba yetu unapata 1, 0, 7, 0, 4, 2, 6, 4, 2, 2, 6, jumla 34, ili ufike 40 inatakiwa 6, na kweli mwisho pana 6.

Faida yake nini? Picha za zamani kuna nguzo imeziba, kuna abiria kasimama, kuna uchafu. Tuseme unasoma 50 80 22-34 1, alafu moja haionekani, alafu 3-6. Jumla ya zinazoonekana ni 32, tarakimu ya kuhakiki ni 6, jumla 38, ili ufike 40 inatakiwa 2, na kwa kuwa nafasi ya kumi inazidishwa kwa 1, iliyofichwa lazima iwe 2. Umeipata bila kukisia. Ikiwa zimefichwa mbili basi tena, andika hujui, acha wazi. Mi nimeona majedwali ya watu yamejaa namba ambazo ukizihakiki hazifungi, mtu kaona 3 kasema 8, na zimenakiliwa kutoka kwa huyu kwenda kwa yule mpaka zimekuwa ukweli.

Kwa kukisia umri wa picha kuna vitu vingine viwili navitumia kila siku. Kichwa chenyewe kwanza. Reli ya magharibi ilibadilisha namba za vichwa mwanzoni mwa 1968, kwa hiyo kichwa cha umeme kikisomeka E 41 ni kabla, kikisomeka 141 ni baada. (Hicho kichwa watu walikiita Knallfrosch, fataki, kwa ile milipuko kilivyokuwa kinabadilisha nguvu. Ukisikia rekodi utaelewa.) Cha pili ni nembo ya DB, yani shirika la reli la Ujerumani, mwaka 1994 reli za pande mbili zilipounganishwa kuwa kampuni moja nembo ikachorwa upya, ile mpya ina herufi nyekundu ndani ya fremu nyekundu kwenye weupe. Behewa la mnanaa lenye nembo mpya haliwezi kuwa la 1990 hata aliyepiga picha aape.

Na mstari wa njano juu ya madirisha sio jezi! Huo ni alama ya daraja la kwanza. Kuna kijana aliniandikia kwa furaha kwamba kapata "toleo la njano" la Silberlinge, nilisikitika kumvunja moyo.

Majina ya rangi nayo. Usiandike "kijani" tu, kijani ipi? Wajerumani wana orodha ya RAL tangu 1927 na kila rangi ina namba, ile ya mnanaa ni 6033 ikiwa na mstari wa 6034, nyekundu ya sasa ni 3020, kijani kizito cha mabehewa ya zamani ni 6020. Andika namba ukiwa na uhakika, usipokuwa nao andika unachokiona. Na msichukue rangi kutoka kwenye skrini jamani. Filamu za zamani zinageuka, nyingine zinavuta wekundu nyingine ubluu, aliyeskani nae kaongeza utamu, alafu rangi yenyewe juani inapauka, kuna nyekundu ya vichwa ya miaka ya 80 na 90 ilipauka mpaka ikawa kama pinki na watu wakadhani ni rangi nyingine. Treni za kuchezea pia sio ushahidi. Zinapendeza, ninazo mbili, lakini mtengenezaji anaweza kuweka namba sahihi kwenye jezi ambayo behewa hilo halikuwahi kuivaa.

Pia angalieni mwisho wa treni, sio mbele tu. Hizi treni zilikuwa haziwezi kila mara kukizungusha kichwa, kwa hiyo mara nyingine kichwa kinasukuma na dereva yuko kwenye behewa la mwisho. Vyumba vya dereva vina sura tofauti: cha zamani kiliitwa Hasenkasten, kibanda cha sungura, kwa ule ubanaji wake, kikafuata chumba kilichoitwa "kichwa cha Karlsruhe", na miaka ya 90 cha Wittenberge. Yule mzee wangu aliwahi kuendesha kwenye kibanda cha sungura. Nilipomuuliza rangi ilikuwaje mwaka fulani alisema hakumbuki, ila alikumbuka goti lake lilikuwa linagonga wapi. Ndo maana nikienda kwa wastaafu siku hizi sianzi na rangi, naanza na kazi, na mara nyingi tarehe inakuja yenyewe, "hiyo ilikuwa kabla sijahamishiwa kule".

Tangu 1996 majimbo ndo yanaagiza na kulipia treni za mikoani, kwa hiyo jezi zimekuwa za majimbo, Baden-Württemberg kwa mfano wanataka njano, nyeupe na nyeusi hata kampuni ikiwa ipi. Mabehewa ya zamani yakauzwa, yakakodishwa, yakapelekwa kuziba pengo sehemu nyingine yakiwa bado na rangi za bosi wa zamani. Sisi hili tunalielewa kuliko wao. Nani hajapanda Hiace Dar ina maandishi ya Kijapani ubavuni, ya chekechea au ya duka la samaki, na juu yake umepigwa mstari wa ruti? Na yale mabehewa ya ghorofa yaliyotumika kwanza huku Ujerumani, yakakarabatiwa yakaletwa kwenye SGR yetu, mtu akiyasoma kwa jezi ya leo tu atakosa nusu ya maisha yake. Kwenye reli ya zamani ya mita moja nako kazi ipo, mwaka 1977 Jumuiya ilipovunjika mali za reli zikagawanywa nchi tatu na kila mmoja akapaka zake, ukitaka kuanzia nyumbani nenda makumbusho ya reli Nairobi ukaguse chuma kwanza.

Ukienda stesheni kaa nyuma ya mstari, usishuke relini kwa ajili ya picha hata ukiahidiwa nini. Piga ubavu mzima, alafu piga namba peke yake, alafu REV peke yake. Picha tatu kwa behewa, ndani ya dakika mbili treni inaondoka, kwa hiyo anza na REV, maana ubavu unaweza kuupiga hata ikiwa imeshaanza kutembea.