Pipa Limeandikwa Alizeti, Lakini Alizeti Ipi?

Wadogo zangu mnaoanza kazi kwenye maabara za viwanda vya krispi na biskuti, nawapenda, ila jambo hili linanichosha. Kila mwaka wageni wanasoma jina la pipa la mafuta na namba moja ya cheti, kisha mzigo unaingia stoo.

1. Ulizeni asidi za mafuta, yaani viungo vinavyoyajenga. Mafuta ya alizeti ya kawaida yana asidi ya linoleiki kati ya asilimia 48 na 74. Ile yenye asidi ya oleiki nyingi, kwa kiwango cha Codex (viwango vya kimataifa vya vyakula), lazima oleiki yake ifike angalau asilimia 75. Linoleiki huoksidika (huharibiwa na hewa) haraka kuliko oleiki mara 10 hivi, kwa hiyo krispi zitakazokaa dukani miezi zinahitaji hiyo ya pili. Kwa macho hamwezi kuzitofautisha.

2. Msisaini kwa peroksaidi peke yake, yaani kipimo cha uharibifu wa mwanzo ambao hewa huleta kwenye mafuta. Codex inaweka ukomo wa 10 kwa mafuta yaliyosafishwa, na mwenzenu mmoja, kijana makini kweli, alipima mzigo akakuta uko chini kabisa ya hapo. Akasaini. Krispi zilitoka kikaangoni zikinukia vizuri. Nusu ya muda wa matumizi haijafika, maduka yakaanza kurudisha katoni: zinanuka kama rangi ya ukutani. Yule kijana alirudia titresheni, kile kipimo cha peroksaidi, mpaka usiku, machozi yakimtoka, akiamini mkono wake ndio uliokosea. Haukukosea hata kidogo. Peroksaidi hupanda, ikifika kilele huvunjika na kuwa aldehaidi, kemikali zenye harufu mbaya, na namba hushuka tena. Mafuta yale yalishapita kilele hicho ndani ya mapipa yaliyoachwa juani, ndiyo maana yakaonekana machanga. Siku ya pili tulipima anisidini, kipimo kinachokamata aldehaidi zenyewe, na jibu likatoka palepale. Zidisheni peroksaidi kwa 2, jumlisheni anisidini, mnapata totoksi. Hiyo ndiyo inayosimulia mafuta yamepitia nini. Kijana yule leo ndiye anayepokea mafuta, na hakuna msambazaji anayempitishia kitu. Lakini mwezi huu tena nimemzuia mgeni kalamu ikiwa mkononi!

3. Mise si mawese, yale ya nyama ya tunda la mchikichi. Mafuta ya mise, ya kokwa la mchikichi, karibu nusu yake ni asidi ya loriki. Yakipata unyevu huleta ladha ya sabuni, na yakichanganywa na mafuta mengine kikaangoni hutoa povu.

4. Ufuta, hata kidogo, uandikwe kwenye pakiti. Kuna mteja mwenye mzio ambaye tone moja linamlaza hospitali.

5. Valvu zenye shaba zitolewe kwenye mabomba ya mafuta. Ukomo wa shaba kwa mafuta yaliyosafishwa ni miligramu 0.1 tu kwa kilo, kwa sababu chembe zake huharakisha kuchacha. Fundi akisema valvu ipo miaka yote na haina shida, chukueni sampuli kabla yake na baada yake, mpime akiwa amesimama hapo.