Samaki wa dhahabu wanaotweta juu ya maji

Dada, samaki wawili kwenye bakuli la lita 5, halafu asubuhi wanapanda juu kutweta? Hilo bakuli litie maua. Samaki wa dhahabu hula sana na kuchafua sana, na amonia wanayoitoa, yaani sumu ya uchafu wao, ndiyo inayowaunguza matamvua wanayopumulia. Leo leo badilisha nusu ya maji, kisha tafuta tangi la kioo la lita 120 hivi, pana kuliko kwenda juu, lenye filta inayowaka usiku na mchana. Hita ya kupasha maji? Ya nini! Maji ya bomba yatie kwanza dawa ya kuondoa klorini. Baadaye badilisha robo kila wiki, na sponji ya filta isuuze kwa maji uliyoyatoa tangini. Klorini ya bomba huua bakteria wa kwenye sponji wanaoila hiyo amonia.