Waridi Lisipauke: Visanamu Vyangu na Jua la Nakuru

Dimoo wangu wa kwanza alipauka kwa miezi minne. Ni kisanamu cha kampuni ya Pop Mart, yule mtoto mwenye nywele kama wingu, na nywele zake zilikuwa za rangi ya waridi iliyopoa, kama heroe wa Ziwa Nakuru ukiwatazama kutoka mbali. Nilimweka dirishani chumbani kwangu hapa Lanet, dirisha linaloelekea mashariki, maana nilitaka nikiamka nimwone yeye kwanza. Siku nilipomgeuza kumpangusa vumbi, nilikuta kisogo bado ni waridi, lakini upande wa kioo umekuwa rangi ya chai iliyozidi maziwa. Nilikaa kitandani nikamshika mkononi muda mrefu. Kama hapo ndipo unapoanza, nakuandikia ili wako wasipate yaliyompata.

Kwa asiyevijua, hivi ni visanamu vidogo vya plastiki, vingi havizidi urefu wa kidole, vinavyouzwa ndani ya kisanduku kilichofungwa. Hujui umepata yupi mpaka ukifungue. Sisi wenyewe tunaviita vya pata potea. Wajapani walikuwa na mashine za vichezeo vya namna hii tangu 1965: unatia sarafu, unazungusha, kinadondoka kidude usichokichagua. Sonny Angel, kile kitoto chenye mabawa mgongoni, kilibuniwa Japani mwaka 2004. Pop Mart ilianzishwa Beijing mwaka 2010, na mwaka 2016 ikaanza kumuuza Molly, msichana aliyebuniwa na Kenny Wong wa Hong Kong, ndani ya visanduku hivyo. Labubu, yule zimwi mdogo wa manyoya mwenye meno ya Pop Mart hiyohiyo, wengi mnamjua.

Raha yake naifananisha na kitendawili. Nyumba yangu haina mlango! Unatikisa, unapima uzito kwa kiganja, unakisia. Tofauti ni kwamba kwenye kitendawili ukishindwa unatoa mji, na mji hauna gharama. Hapa mji unautoa kabla, na ni pesa taslimu.

Basi tuzungumze pesa, kwa sababu ndipo watu wanapoumia. Seti ya kawaida ina visanamu 12, na cha 13 ni cha siri, ambacho kwa seti nyingi za Pop Mart nafasi ya kukipata ni moja kati ya 144. Nilipokuwa mgeni nilidhani nikinunua visanduku 12 kimoja kimoja, leo hapa, kesho pale, nitakamilisha seti. Sivyo. Ukinunua kwa kubahatisha tu, hesabu inasema utahitaji visanduku 37 kwa wastani ili uwapate wote 12. Mimi nimekuwa nikinunua kimoja kwa shilingi 2,500. Zidisha mwenyewe: ni shilingi 92,500, na utabaki na marudio 25 ambayo hukuyataka. Cha siri ndiyo usiseme. Ukinunua visanduku 100, nafasi yako ya kukipata angalau kimoja ni karibu nusu kwa nusu, na hapo umetumia robo milioni. Niliandika hesabu hizi kwenye karatasi nikaibandika ndani ya mlango wa kabati, mahali ninapoiona kila nikitaka kununua.

Ninavyofanya sasa ni hivi. Seti mpya ikitoka, naangalia picha za wote na kuchagua watatu ninaowapenda kwa dhati. Wakiwa chini ya watatu, seti hiyo naipita. Nikiwapata watatu, nanunua visanduku viwili tu vya kufungua mwenyewe, kwa ajili ya ile raha ya kurarua pakiti. Waliobaki nawatafuta kwa kubadilishana, au nanunua kilichokwisha kufunguliwa kwa mtu ninayemfahamu. Anayetaka seti nzima ni heri atafute wenzake wachange wanunue katoni nzima ambayo haijaguswa, kwa sababu kwa kawaida katoni ya 12 huja na visanamu 12 tofauti, isipokuwa cha siri kikichukua nafasi ya mmoja. Sisi tuko watano. Tunakutana mjini Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kila mtu na marudio yake. Nilimtafuta yule wa zambarau kwa visanduku saba bila kumpata, kisha dada mmoja akanipa kwa kubadilishana na wa samawati niliyekuwa naye mara tatu. Alikuwa amekaa kwake bila kupendwa!

Kuhusu feki sitasema mengi. Ziko, na Labubu feki zimepewa hata jina lao, Lafufu. Angalia rangi iliyomwagikia nje ya mstari wa macho, mshono mkali wa plastiki, harufu kali ukifungua. Kisanduku halisi cha Pop Mart huwa na namba ya kukwangua ya kuthibitisha, ikwangue wewe mwenyewe. Mimi niliwahi kuuziwa kisanduku kilichokwisha kukwanguliwa, muuzaji akadai vyote huja hivyo. Nililia, kwa kweli, kwa sababu nilikuwa nimeweka akiba miezi miwili.

Sasa jua. Nakuru iko karibu mno na ikweta, na tuko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mionzi inayotufikia ni mikali mwaka mzima, hata siku ambazo tumevaa sweta. Usijifariji kwamba kuna kioo. Kioo cha dirisha huzuia sehemu tu ya mionzi ya urujuanimno, na inayopita inatosha kula rangi. Rangi zilizopoa ndizo huonyesha haraka, kwa sababu zenyewe ni rangi kidogo iliyotiwa kwenye nyeupe: ikipungua kidogo tu, hakuna iliyobaki. Plastiki nyeupe nayo hugeuka manjano. Weka kabati kwenye ukuta usiofikiwa na jua saa yoyote. Kaa chumbani siku moja ya Jumapili, utazame mwanga unavyotembea sakafuni asubuhi hadi jioni, ndipo uamue. Na kila mwezi mgeuze kila mmoja ulinganishe uso na kisogo. Ukiona tofauti, kabati lihame.

Vumbi ni jambo la pili. Wengi husema jina Nakuru lenyewe linatokana na neno la Kimaasai la mahali penye vumbi, na anayeishi hapa Januari na Februari hahitaji ushahidi. Rafu ya wazi haifai. Fundi wa vioo alinitengenezea kabati dogo la milango miwili, nikamwomba aweke ukanda wa sponji kwenye kingo. Alipouliza, "Dada, ni la vyombo?" nikamwonyesha picha, akachukua vipimo upya ili rafu ziwe na ngazi. Nilimshukuru sana, kwa sababu ngazi zile ndizo zinazofanya wa nyuma waonekane.

Kwa kusafisha, brashi mpya na laini ya kupakia poda ya uso inatosha. Doa likikataa, tumia maji ya vuguvugu, tone la sabuni ya vyombo na kitambaa laini. Spiriti, thina na kiondoa rangi ya kucha vikae mbali, kwani hubeba doa pamoja na nyusi. Ukimkuta kisanamu ananata, si uchafu: ni ile kemikali inayolainisha plastiki imepanda juu. Mwoshe, mkaushe, mpe hewa. Hili huwapata zaidi wanaofungwa ndani ya mifuko ya nailoni na kuwekwa chini ya mabati kwenye joto. Mwenzetu wa Kisumu ana shida nyingine, wale wadudu wadogo wa ziwani wanaofuata mwanga jioni. Hawashi taa za kabati mpaka afunge madirisha yote.

Kwenye kupanga nina msimamo, na wenzangu hawakubaliani nami. Wao hupenda ukuta mweupe nyuma. Mimi naona nyeupe inazimeza rangi hizi. Nilibandika karatasi ya kijani kizito, ya kijani cha majani ya mwarobaini, na siku hiyohiyo waridi na manjano ya siagi vikajitokeza kama vimewashwa. Lesso nilijaribu, lakini maua yake yanagombana na nyuso. Achia nafasi ya vidole viwili kati ya mmoja na mwenzake. Usiwajaze. Mimi nina 19, na rafu zangu haziongezeki: akiingia mmoja, mmoja anatoka kwenda Jumamosi ya mjini.

Mtoto wa kaka yangu ana miaka saba na huja kila Jumapili. Visanduku vya Pop Mart huandikwa 15+, na China ilitoa mwongozo mwaka 2023 unaokataza kuwauzia visanduku hivi watoto wa chini ya miaka minane. Nakubaliana nao, kwa hiyo simnunulii. Anaruhusiwa kufungua mlango wa kabati na kumshika mmoja, akiwa ameketi. Karibu kila mara humchagua Dimoo aliyepauka, ambaye nimemsimamisha rafu ya juu kisogo kikiwa mbele. Anamgeuza, anamtazama uso, anauliza, "Shangazi, huyu jua lilimkuta wapi?" Namwonyesha dirisha.