Mkeo hana mchepuko, ana hofu ya kubaki mjane

*"Shikamoo shangazi. Nina miaka 44, naishi Kimara Temboni na mke wangu na watoto wetu watatu, kazi yangu ni ya ofisini, Posta. Tangu mwaka huu uanze mke wangu amegeuka. Chumvi haiji tena mezani, sembe hapiki, ni dona tu. Nikinywa supu asubuhi ananuna. Ananiambia simu niiache sebuleni, wakati usiku ndipo napata muda wangu wa mpira na mikeka ya kubeti hadi saa saba. Hela yake ya mchezo wa kupeana na wenzake kanunulia kipimo cha presha badala ya kitu cha maana. Kibaya zaidi, kila Jumamosi alfajiri anatoka kukimbia na klabu ya mazoezi ya mtaani yenye kocha kijana, anarudi anacheka peke yake. Kanunua fulana mbili za klabu, moja ananilazimisha mimi nivae. Mimi ni mzima. Ile 162 kwa 104 waliyonipima zahanati ilikuwa uchovu, na dawa niliacha baada ya mwezi maana ilishashuka. Nikitoka kazini napita Sinza kupunguza mawazo hadi foleni iishe. Marehemu baba naye alipenda utulivu wake hivyohivyo hadi siku alipoanguka bafuni, na hakuna aliyekuwa akimsumbua. Nahisi mke wangu ana mtu. Nifanyeje?"*
*Mume Asiye na Amani*

Marahaba, mwanangu. Pole. Kukaa meza moja na mtu unayemshuku kunachosha roho, hilo nalijua. Pole yangu inaishia hapo.

Chumvi umeililia, dona umelilalamikia, kocha wa watu kapata wivu wako wote. Halafu 162 kwa 104 ukaichomeka katikati ya maneno, ukitumaini shangazi ataipita bila kuiona. Nimeiona. Kwa taarifa yako, presha ikifika 140 kwa 90 au zaidi, na ikarudiwa kupimwa siku nyingine ikabaki palepale, madaktari hawaiiti uchovu. Wanaiita ugonjwa. Unasema wewe ni mzima kwa sababu kichwa hakikuumi. Wengi wenye presha hawasikii chochote, huku mishipa ya ubongo, moyo na figo ikiendelea kuharibika kimyakimya. Na dawa uliacha kwa kuwa presha "ilishashuka". Ilishuka kwa sababu ulikuwa unameza dawa, bwana wee! Sasa hivi iko wapi? Hujui. Msimamo wa ligi unaujua hadi timu ya mkiani, presha yako hujui, na kipimo kipo ndani.

Tuje kwa mkeo. Hana mtu. Mwanamke mwenye siri na kocha hamnunulii mumewe fulana ya klabu na kumbembeleza waende wote. Angefurahi ukibaki umelala. Na ile hela ya mchezo unayosema haikununua kitu cha maana, wenzake zamu ikifika wananunua vitenge na masufuria. Yeye kaona kitu cha maana ni mkono wako. Wewe ukaandika kwa shangazi kumshtaki.

Anacheka akirudi? Kaamka kabla ya jua, katembea, kakimbia, kaimba mchakamchaka na wenzake, katoka jasho. Mazoezi yanachangamsha moyo na kupunguza msongo wa mawazo, hata daktari atakuambia. Wewe mawazo unayapeleka Sinza, na kesho yake yanakusubiri palepale pamoja na bili. Tena pombe inapandisha presha na kuvuruga usingizi, kwa hiyo dawa yako ya mawazo ndiyo inayokuletea mengine.

Niseme kidogo kuhusu ndoa za siku hizi, mniwie radhi wasomaji. Watu wanaishi nyumba moja na hawaonani. Baba asubuhi anakula supu kijiweni, mchana chipsi mayai, usiku mishikaki, nyumbani anakuja kulala tu. Mama anakula na watoto, kila mtu na simu yake. Wanajua nani kaweka nini kwenye status, lakini muulize mke mumewe anameza dawa gani, hajui. Muulize mume mkewe alipima lini mara ya mwisho, anakutazama. Kwenye kichen pati biharusi anafundishwa kupika na kujipamba na kunyamaza, ukumbi mzima vigelegele, na hakuna somo hata mmoja anayesimama kusema: mwanangu, mkifika miaka arobaini pimaneni presha na sukari. Sasa kapatikana mke mmoja Temboni aliyelijua hilo bila kufundishwa, anaitwa malaya. Astaghafirullah.

Nirudi kwako. Hilo dona unaloliona adhabu ni mahindi yaleyale, ila hayajakobolewa. Ganda na kiini vimebaki, na nyuzinyuzi na vitamini nyingi zimo humo. Chumvi ndiyo ina kesi hasa. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, kwa kila kitu. Hiyo ni pamoja na ile ya kwenye supu, kwenye chipsi, kwenye mishikaki na kwenye tomato sosi unayomimina juu. Huenda ukifika nyumbani umeshaimaliza ya kesho, halafu unaulizia kikopo mezani. Vumilia wiki chache. Ulimi unazoea, na utashangaa kumbe mchicha una ladha yake, ukikamuliwa ndimu.

Usingizi sijui hata nianzie wapi. Unalala saa saba usiku, na kwa foleni ya Morogoro Road mtu wa Temboni anayewahi Posta lazima awe macho saa kumi na moja. Hizo ni saa nne. Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi. Ukikosa usingizi unaamka na hasira, watoto wanaipata, mke anaipata, dereva wa daladala anaipata, na presha nayo inapata pa kupandia. Simu ikae sebuleni. Mkeka ukichanika usiku au asubuhi, hela imekwenda tu.

Kutembea usiniambie huna muda. Dakika 150 kwa wiki ni nusu saa kwa siku tano. Siku mbili tatu acha gari nyumbani, panda mwendokasi, shuka kituo cha Fire, malizia kwa miguu hadi Posta. Hiyo foleni unayoisubiri Sinza utakuwa umeikwepa.

Sasa baba yako. Umeandika kwamba alipenda utulivu na hakuna aliyekuwa akimsumbua. Mwanangu, hakuna aliyekuuliza habari za baba. Barua ilikuwa ya mke, chumvi na kocha, na mzee akaingia mwenyewe. Unaogopa. Unaiona bafu ile kila unapoiona mashine ya mkeo, ndiyo maana unaichukia. Hakuna ubaya kuogopa, ubaya ni kumgeuza adui mtu anayeogopa pamoja na wewe. Mficha maradhi kilio humuumbua, na watakaolia ni watoto watatu. Mkeo naye anaijua habari ya baba mkwe wake. Kila ukichelewa kutoka bafuni, unadhani anawaza nini?

Mwambie. Si lazima iwe hotuba, sema tu, "Mama nanii, habari ya mzee inanisumbua." Ukiona mawazo hayaishi, usingizi haurudi hata bila simu, hamu ya mambo imekufa, mweleze daktari hilo pia. Muhimbili kuna idara ya afya ya akili, na wanaoingia pale si vichaa, ni watu wenye tai kama wewe.

Kosa moja la mkeo nakubali lipo, maana nimelisoma kati ya mistari: "ananuna", "ananilazimisha". Mwanaume wa miaka 44 habanwi kama mtoto wa chekechea. Akisoma hapa ajue kwamba chumvi inapunguzwa kwa kukubaliana, haifichwi. Kununa hakujamponya mtu presha.

Wewe wiki hii rudi zahanati. Waambie ukweli kwamba dawa uliacha, wala usianze kumeza zile zilizobaki kwa kujipangia. Kupima nyumbani, kaa kitini umetulia dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, bila kuongea, na usipime ukiwa umetoka kugombana. Andika namba kwenye daftari umpelekee daktari. Na siku yoyote ukiona mdomo umepinda ghafla, mkono umekosa nguvu au maneno hayatoki sawasawa, iwe kwako au kwa mwingine, usilale kusubiri kupambazuke. Ni hospitali saa hiyohiyo, hata kwa bajaji.

Halafu muulize daktari kama unaweza kwenda na klabu Jumamosi. Akikuruhusu, anza kwa kutembea nyuma na akina mama wenye umri wako. Huyo kocha utamwona kwa macho yako, na fulana unayo.