Mtoto haongei darasani, mama aache Kihispania?

SWALI: Mwalimu shikamoo. Niko Houston, Texas, nafanya kazi ya msaidizi wa mwalimu kwenye chekechea moja, na darasani kwetu watoto wengi ni wa familia za Kilatino, wazazi wametoka Mexico, Honduras na El Salvador. Kuna kavulana ka miaka 4, mwezi wa tatu huu hakajatamka neno, kakitaka maji kananivuta nguo alafu kananyooshea kidole bomba. Sasa bosi kaniambia nimwambie mama yake nyumbani waache Kihispania waongee Kiingereza tu, na huyo mama Kiingereza chake ni cha kuokoteza. Roho inanisuta. Nimwambie?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimwambie hivyo, tafadhali sana.

Hebu fikiria huyo mama usiku anamlaza mwanae. Kwa Kihispania atamhadithia, atamtania, atamuuliza kwanini leo umenuna, atamweleza bibi yake alivyokuwa. Ukimnyang'anya hiyo lugha atabaki na "come", "eat", "sleep", basi, na mtoto ndo atakuwa kapoteza mtu aliyekuwa anamfundisha maneno mengi kuliko wote, alafu Kiingereza chenyewe atakachosikia ni hichohicho cha kuokoteza. Hapo amepata nini?

Na kile anachokijua kwa Kihispania hakipotei bure. Mtoto akishajua kuhesabu uno, dos, tres huku anagusa shanga moja moja, kuhesabu kashajua, kwenye Kiingereza anabadilisha majina tu. Kusoma nako ni hivyohivyo. Kaa nae chini, wewe na yeye pigeni makofi pamoja, kofi moja kila silabi, ma-ri-po-sa, makofi manne, sawasawa na ki-pe-pe-o kwetu, alafu muulize mano (mkono) na mesa (meza) zinaanza na sauti gani. Akiisikia hiyo "m" ataisikia na kwenye milk. Wewe mswahili hapa una bahati kweli, maana irabu za Kihispania ni a, e, i, o, u na zinatamkwa karibu kama zetu, kitabu cha watoto cha Kihispania unaweza kumsomea hata kama nusu ya maneno huyaelewi, na yeye akikusahihisha ndo atakuwa kaanza kuongea!

Huo ukimya wenyewe watoto wengi wanaoingia kwenye lugha ngeni wanaupitia, wengine wiki chache wengine miezi, anasikiliza anaweka akiba. Ila muulize mama, nyumbani anaongea? Kama anaongea vizuri tu, mvumilie, usimlazimishe mbele ya wenzake. Kama hata Kihispania haongei, hapo asisubiri, apimwe masikio, na upimaji wa lugha ufanywe kwa lugha zote mbili, maana ukimpima kwa Kiingereza peke yake utamwona ana tatizo kumbe hana.

Bosi wako simlaumu sana, wengi wanaamini hivyo kwa nia njema. Ila Head Start, mpango wa serikali ya Marekani ulioanza 1965 kwa watoto wa familia za kipato cha chini, kanuni zake zinataka mtoto wa umri huo afundishwe Kiingereza na huku lugha ya kwao inaendelezwa, na darasa ambalo wengi wao wanaongea lugha moja awepo walau mfanyakazi mmoja anayeiongea. Chekechea yenu hata kama haiko chini ya Head Start, mwonyeshe bosi hizo kanuni kwa upole.

Alafu kuna jambo huyo mama labda hajaambiwa. Hapo Texas mtoto wa miaka 4 asiyejua Kiingereza anastahili pre-K (darasa la awali) ya bure ya shule za serikali, yaani hicho wanachokiona kasoro ndicho kinachompa nafasi, na wilaya ya shule ikiwa na watoto 15 wa umri huo wanaostahili lazima iwe na hilo darasa. Mwelekeze akaulize ofisi ya shule ya karibu nae.

Na Jumatatu mwombe akurekodie kwenye simu wimbo anaomwimbia mwanae, uwapigie darasa zima asubuhi, na mtoto akikuvuta tena nguo, chuchumaa umuulize "¿quieres agua?" (unataka maji?) alafu useme "water" huku unammiminia. Niandikie tena uniambie imekuwaje.