Pima nyuzi za raketi yako mwenyewe, usiishie kwenye namba ya fundi

Kwa miaka miwili nilikuwa nafika kwa fundi wa kufunga nyuzi za raketi za tenisi, namwambia "nifungie 54", nalipa, naondoka. Yaani mkazo wa pauni 54 (pauni za uzito, si za fedha), nyuzi za poliesta, na nilizichezea mpaka zikatike zenyewe. Kisha kiwiko cha kulia kikaanza kuuma. Ilifika mahali asubuhi nikinyanyua birika la chai mkono unatetemeka.

Nilichokuwa sijui ni kwamba ile 54 ni nguvu ambayo mashine inavuta uzi, basi. Mashine ya kuzungusha kwa mkono huvuta hadi hapo halafu inajifunga, na uzi unaanza kulegea papo hapo. Ya umeme huendelea kuvuta mpaka fundi aubane. Kwa hiyo raketi mbili za 54 kutoka mashine mbili si kitu kimoja. Poliesta nayo hulegea upesi zaidi, na sehemu kubwa huondoka katika saa 24 za kwanza, hata raketi ikiwa imetundikwa ukutani. Nyuzi za utumbo wa ng'ombe ndizo zinazoshika mkazo vizuri kuliko zote, ila bei yake inauma.

Siku hizi napima kwa simu. Programu yoyote inayoonyesha Hz, yaani mitetemo ya sauti kwa sekunde, inafaa, hata ya kupimia gitaa. Natoa kile kipira cha kuzuia mtetemo, nazima feni, nashika mpini wa raketi kwa vidole viwili, nagonga katikati ya nyuzi kwa mpini wa mwiko. Zinalia. Narudia mara tatu na kuchukua namba inayojirudia.

Raketi yangu ilitoka kwa fundi ikisoma 560. Kesho yake 541. Wiki ya tatu 520. Sasa angalia hesabu: gawanya 520 kwa 560, jibu ulizidishe kwa lenyewe, unapata 0.86. Yaani asilimia 14 ya mkazo imekwenda, ingawa sauti imeshuka kwa asilimia 7 tu. Usilinganishe namba yako na ya mwenzako. Unene wa uzi na ukubwa wa kichwa cha raketi hubadilisha sauti, kwa hiyo raketi ilinganishe na yenyewe tu.

Lakini mkazo na ugumu ni vitu viwili, na hapa ndipo kiwiko changu kilipozidi kuumia. Nilipoanza kupima niliona namba imeshuka, nikadhani nyuzi zimekuwa laini, nikaendelea kucheza. Sauti inakuambia uzi umevutwa kiasi gani. Haikuambii uzi wenyewe unanyumbuka kiasi gani mpira unapougonga kwa kasi. Poliesta iliyolegea bado ni ngumu, haivutiki na kurudi kama nailoni, na mshindo ule mkono ndio unaoubeba. Niliwahi kujaribu kupima ugumu nyumbani: fremu juu ya vitabu, uzito wa kilo 10 katikati, rula pembeni. Nyuzi zilibonyea milimita 3 hivi. Kwa rula ya shule huwezi kuona tofauti ya maana hapo, niliacha.

Nilichofanya ni kupumzika kama daktari alivyoniagiza, kisha nikahamia nailoni, pauni 52. Mpira hauzunguki kama zamani, nakubali. Birika nanyanyua.

Na tafadhali, usiache raketi kwenye gari juani. Joto la Dar linalegeza nyuzi hata kama hujacheza.

Ukitoka kwa fundi, gonga kabla hujapiga mpira hata mmoja, andika namba na tarehe kwenye kipande cha plasta, bandika shingoni mwa raketi. Mimi nikiona imeshuka kama ile 560 ilivyofika 520, nakata nyuzi hata kama ni nzima. Naanzia katikati, wima moja, mlalo moja, nikielekea pembeni, ili fremu isivutwe upande mmoja.