Majaribio ya dawa yanayolipa: kwa sisi wa Kigoma na Tabora unayapataje, na unajuaje ni ya kweli

SWALI: Habari za kazi daktari. Mi kijana wa miaka 26 niko Kigoma, naendesha boda, kijiwe changu kiko Mwanga. Kuna jamaa alisoma Dar anasema huko watu wanajitolea kujaribiwa dawa na chanjo alafu wanalipwa. Sasa juzi kwenye grupu letu la WhatsApp imeingia meseji inasema kuna mradi wa chanjo unakuja Kigoma, wanataka vijana wenye afya, laki 8 kwa wiki 2, unatuma elfu 15 ya fomu kwenye namba ya simu. Wenzangu wawili wameshatuma. Naomba unieleweshe, hizi tafiti huku kwetu zipo kweli? Mtu anaingiaje? Na wanalipa shingapi?

JIBU: Pole na barabara mdogo wangu. Mi si daktari, ni mfamasia, niko Tabora na kazi yangu ni kuratibu tafiti za dawa, yaani mimi ndo yule anayekaa na mshiriki kumsomea fomu kabla hajachomwa sindano yoyote.

Hiyo elfu 15 usitume. Naanza na hilo kwa sababu umesema wenzako wameshatuma na roho imeniuma, ile ni hela ya mafuta ya siku nzima. Utafiti wa kweli haumtozi mshiriki hata shilingi, si ya fomu, si ya kipimo, si ya kitambulisho. We ndo unatoa mwili wako na muda wako, sasa ulipe tena? Alafu hata lile tangazo la kuwaita washiriki lenyewe linapelekwa kwenye kamati ya maadili likasomwe kabla halijabandikwa popote, na tangazo linaloanza na laki 8 kabla halijasema ni chanjo ya ugonjwa gani mi sijaona kamati italipitisha.

Ili ujue kwanini nasema hivyo, elewa dawa mpya inavyofika kwa mtu hapa Tanzania bara. Inapita milango miwili mikubwa. Mmoja ni NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kule kuna kamati ya taifa ya maadili inayoangalia haki zako, utaambiwa nini, utalindwa vipi, utapewa nini. Mwingine ni TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, ile iliyokuwa inaitwa TFDA mpaka 2019, hawa wanaikagua dawa yenyewe, imetengenezwaje, ilipopimwa kwa wanyama ilionyesha nini, na bima ya washiriki ipo au hamna. Wakishavuka hapo bado watafiti wanaripoti kwa mganga mkuu wa mkoa, wanashuka kwa mganga mkuu wa wilaya, wanafika kwa mtendaji na mwenyekiti wa mtaa wako. Yaani mradi ukija Kigoma wa kwanza kujua ni hao watu, grupu la boda litajua mwishoni kabisa. Na hii ndo njia rahisi kuliko zote ya kuhakikisha, nenda ofisi ya mganga mkuu wa wilaya au manispaa uliza kuna utafiti gani umeripoti hapa unaochukua washiriki, hawalipishi na wala huhitaji barua. Mtu akikuonyesha kibali cha NIMR angalia namba, huwa inaanza na NIMR/HQ/R.8 alafu inaendelea, na uichukue hiyo namba uwapigie NIMR wenyewe, usimpigie aliyekupa karatasi maana karatasi sa hivi kila mtu anaweza kuchapisha stationery.

Sasa swali lako la msingi, huku kwetu zipo? Zipo ila si za aina uliyoisikia kwa jamaa yako. Majaribio ya chanjo na dawa mpya kabisa, yale ya watu wazima wenye afya, yamekaa sana sehemu zenye maabara kubwa na wodi za kulaza washiriki: Bagamoyo kwenye kituo cha taasisi ya utafiti ya Ifakara, Mwanza, Mbeya, na ya kifua kikuu Kibong'oto kule Kilimanjaro. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilipojaribiwa hatua ya mwisho kuanzia 2009 watoto 15,460 kutoka nchi 7 za Afrika walishiriki, na kwa Tanzania vituo vilikuwa Bagamoyo na Korogwe. Jamaa yako aliposema huko Dar watu wanajitolea hakukosea, mwaka 2012 vijana wa vyuo vya Dar walijitolea Bagamoyo wakachomwa vimelea hai vya malaria kwa makusudi, wakafuatiliwa karibu na kutibiwa, ili wanasayansi wapate njia ya haraka ya kuzipima chanjo. Na kule Mwanza mabinti 930 wa miaka 9 mpaka 14 walishiriki utafiti wa chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi kuona kama dozi 1 inatosha. Mwaka 2024 nchi ikahamia dozi 1, kwa hiyo kama una mdogo wako wa kike aliyechanjwa shuleni mara moja tu ujue wale mabinti wa Mwanza wana mchango wao pale.

Huku magharibi tunachonacho zaidi ni tafiti za kufuatilia dawa zinazotumika tayari, na mi nazipenda sana japo hazina majina makubwa. Ujiji hapo kwenu, na Simbo kule Igunga kwa upande wa Tabora, ni kati ya vituo 8 vya Tanzania bara vinavyotumika kupima kama dawa ya mseto ya malaria bado inafanya kazi. Mtoto wa kuanzia miezi 6 mwenye malaria isiyo kali anapewa hiyo dawa ya mseto, ALU, siku 3, dozi 6, alafu anarudi kutolewa tone la damu kidoleni siku ya 7, ya 14, ya 21 na ya 28. Matibabu bure, nauli ya mzazi inarudishwa, basi. Hutatajirika hapo. Ila Kagera, hapo juu yenu tu, wameshakuta vimelea vinavyochelewa kufa kwa dawa hii, sasa kama sisi hatupimi tutajuaje siku vikifika Kibondo au Urambo? Tabora pia NIMR wana kituo chao, na hospitali za mkoa, Maweni kwenu na Kitete huku, tafiti zinapitapita, nyingi za wagonjwa, yaani unaingia kwa sababu una ugonjwa unaotafitiwa na we kijana mzima hawakuhitaji.

Najua utaniuliza, si nipande treni niende Bagamoyo? Fikiria vizuri hapo. Tafiti nyingi zinataka mtu anayekaa jirani na kituo na atakayekuwepo mwaka mzima au zaidi, maana unarudi mara 10 au 15, na ukipata homa saa 8 usiku wanataka uweze kufika kwao upesi. Mtu wa Kigoma wanamwacha mapema, na hawana ubaya. Ila ukihamia Dar au Mwanza kwa shughuli zako hapo ni habari nyingine. Kama una bando kuna daftari mbili za tafiti ziko wazi bure kwenye intaneti, ya Afrika inaitwa Pan African Clinical Trials Registry na ya Marekani ClinicalTrials.gov, ziko kwa kiingereza, unaandika Tanzania na ugonjwa alafu unaangalia ipi imeandikwa Recruiting, maana yake wanachukua watu sasa hivi, na ndani utakuta mji, umri unaotakiwa na wa kuwasiliana naye. Mradi ule wa kwenye meseji yenu jaribu kuutafuta humo kwa jina. Mi nimejaribu, meseji haina hata jina la chanjo la kutafutia.

Kuhusu malipo sikutajii kiasi kwa sababu kila utafiti una chake na kinapangwa pale kwenye kamati. Unachopewa ni nauli, chakula cha siku hiyo, na fidia ya muda uliopoteza kijiweni. Unapewa kila unapohudhuria, na ukiamua kuacha katikati hawakudai ulichokwishapokea. Kwanini wasimwage hela nyingi wapate watu chapu? Kwa sababu mtu mwenye njaa akiona laki 8 hasikii tena neno madhara. Machi 2006 London vijana 8 waliingia jaribio la kwanza la dawa iitwayo TGN1412 kwa pauni 2,000 kila mmoja, 6 wakapewa dawa na 2 wakapewa maji yasiyo na dawa, na wale 6 wote ndani ya saa chache wakawa mahututi wodi ya uangalizi maalumu. Hawakufa lakini kuna aliyekatwa vidole vya miguu. Mambo kama hayo ni nadra sana na taratibu zilikazwa baada ya pale, lakini nakwambia kwa sababu ni haki yako kuyajua kabla ya kujua hela.

Ukija kupata utafiti wa kweli utakaa na mtu kama mimi atakusomea fomu ya ridhaa kwa kiswahili, hata saa nzima, utauliza, utaruhusiwa kwenda nayo nyumbani ukaongee na familia. Muulize wanachukua damu kiasi gani (mililita 5 ni kijiko kidogo cha chai, huku bado watu wanaogopa mumiani na siwalaumu, wengi hatuwaelezi vizuri), muulize ukiumia nani anakutibu na bima ni ya nani, muulize dawa ikionekana inafaa wewe utaipata. Atakupima presha, damu, VVU, mwanamke atapimwa ujauzito, wengi wanaishia hapo na si aibu. Wewe nawe usifiche kitu. Kama unakunywa mitishamba sema, kama wiki mbili zilizopita ulikuwa utafiti mwingine sema, maana dawa mbili zikikutana mwilini bila mtu kujua hata tukitaka kukuokoa hatujui tunapambana na nini. Nilishakutana na kijana aliyeficha dawa ya kienyeji ya tumbo, vipimo vya ini vikapanda tukahangaika siku 4 tukidhani ni dawa yetu, na siku zote hizo alikuwa anaendelea kuinywa.

Hao wenzako wawili wasikae kimya. Ile namba iliyopokea hela waitume kwenda 15040, ni ya kuripoti matapeli wa simu bure, wapige na mtandao waliotumia kutuma wajaribu kuzuia muamala, na waende polisi na picha ya meseji. Na wewe iandike kwenye grupu leo hii kabla wa tatu hajatuma. Jumatatu ukipata abiria wa kuelekea manispaa pitia kwa mganga mkuu uulize, alafu niandikie walichokujibu, kama kuna utafiti wowote umeripoti ntakusaidia kuisoma fomu yake mstari kwa mstari.